S ni moja: ninavyofanya mazoezi ya vitenzi vya Kiingereza hapa Lamu

Siku moja mgeni wetu Mholanzi alirudi kutoka Shela saa nane mchana, akaniuliza mkewe yuko wapi. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "She has slept." Akanishukuru, akapanda ngazi mbilimbili, akabisha mlango kwa furaha zake zote. Haukupita muda nikasikia sauti ya mwanamke aliyekatizwa usingizi, na haikuwa sauti ya kukaribisha mtu.

Nilitaka kusema "amelala". Kwa sikio la yule bwana, nilimwambia kwamba mkewe keshalala vya kutosha, usingizi umekwisha, sasa yuko tayari kwa matembezi. Kiingereza kilitaka "She is sleeping". Maneno yangu yote yalikuwa ya Kiingereza na hakuna hata moja lililokosewa tahajia, lakini kitenzi kilivaa nguo isiyo yake.

Naendesha nyumba ya wageni ya vyumba vitano huku Langoni, na shule niliachia darasa la nane. Shuleni kwetu kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Ukisikika unasema Kiswahili unavikwa shingoni, na hukivui mpaka umnase mwenzako. Kwa hivyo Kiingereza nilichojifunza pale kilikuwa cha kunyamaza. Hiki nilichonacho nimekiokota kwa wageni, kwa vitabu vya sarufi vilivyokwisha majalada, na kwa makosa kama lile la Mholanzi. Sasa mpwa wangu, nahodha wa mashua, anatafuta kazi ya mapokezi hotelini, akaniomba nimnyoshee vitenzi. Haya ninayoandika ndiyo tunayofanya naye, na ukiwa na daftari na robo saa kwa siku unaweza kuyafanya popote ulipo.

Mahali pa kuanzia ni Kiswahili chako

Mpwa wangu alianza kwa kulalamika kwamba Kiingereza kina mambo mengi. Nikamwambia, hebu sikiliza kinywa chako. Kikapu kimeanguka, vikapu vimeanguka. Punda amechoka, punda wamechoka. Mlango umefungwa, milango imefungwa. Tangu alfajiri hadi kunywa chai umeshapatanisha kiima na kitenzi mara mia, na hakuna aliyekuvika mbao. Maskini mgeni anayejifunza Kiswahili ana ngeli zote hizo za kubeba. Wewe kwenye kitenzi cha kawaida cha Kiingereza unadaiwa herufi moja tu: s.

Basi kwa nini inatuponyoka? Nimelifikiria jambo hili miaka mingi nikichambua mchele, na jibu langu ni hili. Kiswahili kina vijisehemu vitatu ambavyo havijali mtendaji ni nani wala ni wangapi. Cha kwanza ni hu-: mimi huamka, yeye huamka, wao huamka, haibadiliki. Cha pili ni "ni": mimi ni mpishi, yeye ni mpishi, sisi ni wapishi. Cha tatu ni "kuna": kuna mgeni, kuna wageni. Ukiangalia utaona Kiingereza kinadai upatanisho mahali hapohapo petu pa kupumzikia. Kwenye hu- ndipo panapotoka "wakes" dhidi ya "wake". Kwenye "ni" ndipo panapotoka "am", "is" na "are". Kwenye "kuna" ndipo panapotoka "there is" na "there are". Na kule ambako sisi tunafanya kazi kubwa, kama "alikwenda, walikwenda, kilikwenda", wao wamelala: "went" kwa wote. "Atakwenda, watakwenda": "will go" kwa wote.

Kwa hiyo zoezi la kwanza halina hata neno la Kiingereza. Kwa siku tatu, kila unapojisikia unasema hu-, ni, au kuna, jishtue. Piga kidole mezani. Mpwa wangu alikuwa akigonga ubao wa mashua, abiria wake wa Mokowe, ng'ambo bara, wakadhani anatafuta panapovuja. Ukishazoea kushtuka mahali hapo kwa Kiswahili, kwa Kiingereza utashtuka pia, na hapo ndipo s inapoingia.

Kipimo cha hu-

Mchawi wetu mkubwa ni -na-. "Anauza samaki" inaweza kuwa ndiyo kazi yake, na inaweza kuwa ndilo jambo analofanya sasa hivi mbele ya macho yako. Kiingereza kinayatenganisha. Kabla hujafungua kinywa, jaribu kuiweka hu- mahali pa -na-. Ikikubali, sema "He sells fish", hata kama dakika hiyo muuzaji mwenyewe amejinyoosha barazani anakoroma. Kama hu- haikubali lakini "sasa hivi" inakubali, sema "He is selling fish".

Mambo ya siku zote yanaingia kwenye hu- vilevile: kusi huvuma kutoka kusini, "The kusi blows from the south". Ratiba nayo ni hivyohivyo, hata ikiwa ni ya kesho: "The boat leaves at four tomorrow." Na hapo ujihadhari na saa. Saa kumi yetu ya jioni ni "four". Ukisema "ten" mgeni atakuja usiku na begi lake, akute gati tupu na paka.

Viko vitenzi vinavyokataa "-ing" hata ukivibembeleza: "know", "want", "need", "understand", "believe", "belong". Hivi ni vya hali ya moyoni au ya umiliki, havitendeki mbele ya watu. "Anajua njia" ni "He knows the way". Lile "I am knowing" na "I am wanting" linasikika sana kwetu Pwani, na linazaliwa na -na- hiyohiyo.

Upondo mmoja mashuani

Kuna jambo linalowachanganya wengi, na vitabu hulipita mbio. S kwenye nomino huonesha wingi. S kwenye kitenzi huonesha umoja. Herufi moja, kazi mbili zinazogongana. Mpwa wangu aliona kama mzaha: "The boats leaves" ilimvutia kwa sababu s zote mbili zilionekana zinapatana, kama "vikapu vimeanguka". Akili ya Kiswahili inapenda alama ijirudie, vi- na vi-, ki- na ki-, kwa hiyo s na s inaonekana sawa kabisa.

Nikamwambia afikirie upondo wa mashua, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Mko wawili na upondo ni mmoja. Akiushika wa mbele, wa nyuma mikono mitupu. "The boat leaves": nomino haina s, kitenzi kimeushika. "The boats leave": nomino imeushika, kitenzi hakina. Huo ni ujanja tu, haufiki kila mahali. "Men", "women", "children" na "people" ni wengi bila ya s, na kitenzi chao hakiushiki vilevile: "The children swim". Neno kama "bus" lina s yake ya kuzaliwa, haihesabiki. Na "I" na "you" hawashiki upondo kabisa: "I leave", "you leave".

Mpwa wangu aliuliza kwa nini "you are" hata ukisema na mtu mmoja. Ni kwa sababu "you" zamani lilikuwa neno la kusemea watu wengi. Mmoja aliambiwa "thou". Baadaye "you" likachukua kazi zote mbili, likabaki na kitenzi chake cha wingi. Na hiyo s yenyewe ilianzia kaskazini mwa Uingereza ikashuka kusini. Ile Biblia yao ya mwaka 1611 bado inasema "he goeth". Kumbe hata wenyewe walikuwa na mikia mingi, wakaikata mmoja mmoja, wakatuachia huu wa mwisho tuhangaike nao.

Robo saa mbele ya gati

Zoezi lenyewe ni hili, na ndilo ninaloliamini kuliko yote. Kaa mahali panapopita watu. Sisi tunakaa ufukweni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali, mashua za Mokowe zikianza kujaza abiria. Kila unachokiona, kiseme mara mbili: kwanza akiwa mmoja, kisha wakiwa wengi. Useme kwa sauti. Usiandike kwanza.

Asubuhi ya kwanza ilikwenda hivi. Alipita punda na magunia ya mchanga. Mpwa wangu: "A donkey carry sand." Nikakohoa. "A donkey carries sand. Donkeys carry sand." Sawa. Akapita kijana na mkokoteni: "A boy pushes a cart. Boys push carts." Vizuri, na hapo akagundua mwenyewe kwamba "push" haikubali s kavu, inataka silabi nzima: "pu-shez". Paka watatu walikuwa wamekaa karibu na mvuvi anayeparua changu: "The cats watches..." Nikakohoa tena. "The cats watch the fisherman. The cat watches the fisherman." Ikapita boti ya mbio. "The boat go fast." Kikohozi cha tatu. "Goes!" Yule mvuvi akageuka akaniuliza kama nina mafua.

Utaona hapo kanuni za tahajia zimejitokeza zenyewe, kwa hivyo nazitaja kwa ufupi. Kitenzi kikiishia na s, x, z, "sh" au "ch", weka "es": "fixes", "washes". "Go" na "do" pia: "goes", "does". Kikiishia na y iliyotanguliwa na konsonanti, y inageuka: "carries", "dries". Y iliyotanguliwa na irabu haiguswi: "plays", "buys".

Sasa sauti, kwa sababu wengi wetu tunaijua s kwenye karatasi lakini mdomoni haitoki. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu. Ulimi wetu haukuzoea kusimama juu ya konsonanti, sembuse konsonanti mbili. Ndiyo maana "works" inatoka "woki" au "wokisi". Dawa niliyoigundua ni kuazima irabu ya neno linalofuata. Tengeneza sentensi ambazo baada ya kitenzi linakuja neno linaloanza na irabu, kisha gawa silabi upendavyo wewe: "works in" uiseme "wok-sin", "sells eggs" uiseme "sel-zegz", "lives on" uiseme "liv-zon". Sasa s imekuwa mwanzo wa silabi, mahali ulimi wetu unapopapenda. Fanya hivyo wiki mbili, kisha ndipo ujaribu "works hard". Ujanja huohuo unafaa kwa wakati uliopita: "walked in" inakuwa "wok-tin".

Jirekodi kwa simu. Najua hakuna anayependa kusikia sauti yake, mimi mwenyewe nilidhani ni ya shangazi yangu. Lakini ukijisikiliza kesho yake, sikio linakamata zile s zilizoanguka njiani.

S ikihamia kwa "does"

Kwa swali na kwa kukanusha, upondo unamhamia "does", na kitenzi kinabaki mikono mitupu. "Does he sell fish?" "He does not sell fish." Ukisema "Does he sells" mmeshika pondo mbili. "Did" naye anabeba wakati uliopita peke yake: "Did you see the captain?" Kosa la "did went" nalisikia hata kwa watu wenye vyeti. Na "can", "must", "will" na "should" hawana s wala hawairuhusu nyuma yao: "He can swim", "She must pay". Hayo ndiyo yote. Sentensi ishirini za kuuliza bei sokoni zinatosha kulizoea.

Nani mwenye kitenzi?

Ubao wetu wa mlangoni ulikaa msimu mzima umeandikwa "The price of the rooms include breakfast". Sikio langu lilivutwa na "rooms" kwa sababu ndilo lililokaa karibu na kitenzi. Lakini kinachojumuisha chai ya asubuhi ni bei, na bei ni moja: "The price of the rooms includes breakfast."

Vitabu hukwambia ufunike maneno ya katikati kwa kidole, na ni ushauri mzuri. Mimi nina wa kwangu ninaouona bora zaidi: liseme kwanza kwa Kiswahili, usikilize mwanzo wa kitenzi. "Kikapu cha malimau kimeanguka." Hakuna mtu hapa mjini, hata mtoto wa miaka minne, atakayesema "yameanguka" eti kwa sababu malimau yako karibu. Ki- inakuonesha mwenye kitenzi ni kikapu, na kikapu ni kimoja: "The basket of lemons has fallen." Vivyo hivyo "Mmoja wa manahodha anajua Kifaransa": a-, basi ni umoja, "One of the captains knows French". "Kila mtu anataka chai": a- tena, "Everyone wants tea". Wengi husema "everyone want" kwa kuwa maana yake ni watu wengi, na Kiswahili chao wenyewe kimeshawaonya.

Ila utumie -na- au -me- kwenye kipimo hiki, usitumie hu-. Tulishasema hu- haimtaji mtendaji.

Pale Kiswahili kinapokudanganya

Kipimo hicho kina mashimo, na afadhali uyajue kabla hujatumbukia. Maji kwetu yana ya-, kwao ni umoja: "The water is hot". Mizigo yote ya mgeni, hata iwe mabegi saba juu ya punda wawili, ni "The luggage is here". Pesa zimepotea, "The money is lost". Nywele zake ni ndefu, "Her hair is long". Habari, "The news is good", ingawa ina s inayokukonyeza.

Upande wa pili kuna vitu ambavyo kwetu ni kimoja na kwao ni wengi. Suruali moja ni "trousers", na suruali ikiwa imelowa ni "My trousers are wet". Mkasi mmoja, "The scissors are on the table". Nadhani wao wanahesabu miguu miwili ya suruali na makali mawili ya mkasi. Polisi kwa jumla, "The police are coming". Akiwa mmoja ni "a police officer".

Hayo hayana hila. Yaandike nyuma ya mlango wa jikoni uyaone kila unapokwenda kuchukua chumvi.

Mvuvi wa mara tatu

Sasa wakati uliopita na yale maumbo yasiyo na utaratibu. Ukiyakariri kwa orodha ya alfabeti utachoka kabla hujafika "drink". Mimi nayapanga kwa ukoo wa sauti. Ukoo wa "drink, drank, drunk" una "ring", "sing", "swim", "sink" na "begin". Ukoo wa "bought" una "brought", "caught", "taught" na "thought", na humo uangalie "bought" ya kununua na "brought" ya kuleta, ni r moja tu inayozitenganisha. Ukoo wa "know, knew, known" una "blow", "grow" na "throw". Na upo ukoo wa wavivu wasiobadilika: "cut", "put", "shut", "hit", "cost". Lakini hata hao wavivu wana siri. "He cuts the fish" ni desturi, "He cut the fish" ni jana, na tofauti ni ile s peke yake. Ukiiangusha umehamisha siku.

Kisha yatie hadithini. Baba yangu alikuwa mvuvi, na siku yake ilikuwa ileile miaka yote: anaamka, anachukua nyavu, anakwenda baharini, anavua nguru, anarudi, anauza, ananunua unga na sukari, anakula, analala. Vitenzi tisa, na vyote tisa kwa Kiingereza havifuati "-ed". Isimulie siku hiyo mara tatu.

Mara ya kwanza kwa hu-: "He wakes, he takes the nets, he goes out, he catches a kingfish, he comes back, he sells it, he buys flour, he eats, he sleeps." Kila moja na s yake.

Mara ya pili, jana: "He woke, he took the nets, he went out, he caught a kingfish, he came back, he sold it, he bought flour, he ate, he slept." S zote zimekwenda zake.

Mara ya tatu, ni usiku na mambo yote yamekwisha fanyika: "He has woken, he has taken the nets, he has gone out, he has caught a kingfish, he has come back, he has sold it, he has bought flour, he has eaten, he has slept." Hapa s imejificha ndani ya "has".

Ukimaliza, badilisha baba mmoja wawe wavuvi wawili, "they", uisimulie upya mara tatu. Utaona mara ya pili haibadiliki hata kidogo, na hiyo ni raha ya bure. Wakati uliopita wa Kiingereza haumjali mtendaji isipokuwa mahali pamoja, "was" na "were". Mpwa wangu sasa anaimaliza hadithi yote kwa chini ya dakika mbili huku akifunga kamba za tanga. Siku ya kwanza alikwama kwenye "catched" akabaki kuitazama bahari.

-me- na kipimo cha "bado"

Turudi kwa yule mke wa Mholanzi. Vitabu vingi vya shule vinatufundisha kwamba -me- ni "has", basi. Si kweli kila mara, na ndiyo iliyoniponza.

-me- ina kazi mbili. Inaweza kusema tukio limetokea: boti imefika, "The boat has arrived". Inaweza pia kusema hali ambayo mtu yuko ndani yake sasa: amelala, amesimama, amekaa, amevaa kanzu, amechoka, ameshiba. Kiingereza kwa hali kama hizo hakitumii "has". Kinasema "is sleeping", "is standing", "is sitting", "is wearing a kanzu", "is tired", "is full". Duka limefungwa ni "The shop is closed". Kiti kimevunjika, na bado kiko pale kimevunjika, ni "The chair is broken".

Utajuaje? Weka "bado" mbele. "Bado amelala": inakubali. "Bado amesimama": inakubali. "Bado duka limefungwa": inakubali. Basi ni hali, tumia "is". Jaribu "bado boti imefika". Haisemeki. Basi ni tukio, tumia "has". Kipimo hiki sijakiona kitabuni. Nilikipata nikiwa nimeona haya mbele ya mlango wa chumba namba tatu, na tangu hapo kimenitosha.

Kisha kuna la mwisho juu ya -me-. Sisi tunaweza kusema "amefika jana" na hakuna atakayeshangaa. Kiingereza hakikubali "has arrived yesterday". Ukishataja wakati uliokwisha, jana, saa mbili asubuhi, mwaka juzi, "has" inaondoka: "He arrived yesterday." Barua pepe zangu za zamani kwa wageni zimejaa "I have received your money on Monday", na nashukuru pesa zenyewe zilifika salama.

Kusahihishana

Tunafanya haya zaidi miezi ya kusi na mvua, Aprili hadi Juni, wageni wanapokuwa wachache na vyumba vinanuka unyevu. Kila siku tunachagua jambo moja tu la kusahihisha. Siku ya s, akikosea "bought" na "brought" namwachia. Siku ya -me-, s zianguke zitakavyo. Nilipokuwa namkamata kwa kila kosa alianza kujibu "yes" na "no" tu, na mimi huo unyamavu naujua ulikotoka.

Sharti jingine ni kwamba hatusahihishani mbele ya wageni. Mgeni akielewa tumemaliza, makosa tunayaandika daftarini baadaye. Sharti hili nimeliweka mimi, na juzi mpwa wangu amelivunja. Mama mmoja wa Kiingereza aliniuliza nguo zake zilizofuliwa, nikamwambia bila wasiwasi, "Your trousers is on the roof." Kutoka juu darini, alikokuwa anaanua nguo zilezile, ikashuka sauti ya kiume kali kama ya mtu anayeita mashua ya ng'ambo: "Are!" Yule mama akatazama juu, akaniangalia mimi, akauliza kama kuna mtu anahitaji msaada.

Nikamwambia, "He is learning." Iko sawa, nimeihakiki.